Tusiyaite Mafuta ya Katani

Kabla kamati haijakaa kupiga kura kuhusu lile tangazo la mafuta ya CBD, naomba niseme langu hapa jaridani, ili hata wale wasiofika mkutanoni wajue tunabishania nini.

Habari yenyewe wengi mmeshaisikia. Duka moja linalouza mafuta ya mbwa na paka limejitolea kulipia chakula cha Usiku wa Kiswahili mwaka huu. Kwa upande wao wanataka ukurasa mzima wa jarida letu, kwa Kiswahili. Rasimu ya tangazo imeshaletwa, na sisi tumeombwa kusahihisha sarufi tu. Rasimu hiyo inasema mambo manne: kwamba haya ni “mafuta asilia ya katani”, kwamba huondoa maumivu ya viungo, wasiwasi na kifafa, kwamba wanasayansi wamethibitisha, na kwamba hayana madhara yoyote.

Mimi nasema tukatae. Sisemi hivyo kwa kuogopa neno bangi, wala siamini kwamba kila anayempa mbwa wake mafuta haya ni mjinga. Nasema tukatae kwa sababu madai hayo manne, ukiyachukua moja moja, hakuna hata moja linalosimama kama lilivyoandikwa. Na lile la kwanza, linalohusu jina, ni letu sisi kuliko la mtu mwingine yeyote, maana chama hiki ni cha Kiswahili.

Tuanze na jina basi. Mwulize mtu wa Tanga katani ni nini. Atakuambia ni nyuzi za mkonge, zile zinazosokotwa kamba na kufumwa magunia. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, aliyeagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika 62 tu vikiwa hai, na mashamba makubwa yote yakaanzia hapo. Mmea huo hauna uhusiano wowote na CBD. Mafuta yaliyomo kwenye chupa hizi yanatokana na mmea mwingine kabisa, ambao kitaalamu huitwa Cannabis sativa. Huo ndio mmea ambao sisi sote, tangu utotoni, tunaujua kwa jina la bangi.

Sitaki kumwonea aliyeandika rasimu. Neno katani lina asili ya Kiarabu, lilihusu kitani na nyuzi za namna hiyo, na zipo kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinazolitoa kama tafsiri ya hempu. Ukizungumzia kamba, tafsiri hiyo haina ubaya mkubwa. Hata hapa Marekani hempu ilikuwa kwanza habari ya kamba: mwaka 1942, vita vilipokata njia za nyuzi kutoka Asia, Wizara ya Kilimo ilitengeneza filamu ya kuwahimiza wakulima waipande. Lakini ukizungumzia mafuta ya kumnywesha mnyama, neno katani linamficha msomaji jambo la kwanza analopaswa kujua, yaani kwamba bidhaa hii imetoka kwenye jamii ya bangi.

Hempu na bangi zinatofautianaje basi? Fikirieni muhogo. Muhogo mtamu na muhogo mchungu ni mmea uleule. Tofauti ni kiasi cha sumu iliyomo, ndiyo maana mmoja unautafuna mbichi shambani na mwingine usipouloweka na kuukausha unaweza kukuua. Hempu na bangi nazo ni mmea uleule, na tofauti ni kiasi cha THC, ile kemikali inayolevya. Sheria ya kilimo ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 2018 ilichora mstari: mmea wenye THC ya aina ya delta-9 isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu ni hempu, na hauhesabiwi tena kuwa dawa ya kulevya kwa sheria ya shirikisho. Ukizidi hapo ni bangi. Sheria nyingine iliyotiwa saini Novemba 2025 imeubana mstari huo zaidi, ikatoa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Kwa hiyo mpaka kati ya hempu na bangi umewekwa na wabunge, nao wanaweza kuusogeza.

CBD, yaani kanabidioli, ni kemikali nyingine ya mmea huohuo. Hiyo hailevyi. Hapo wauzaji wako sahihi na ni haki kusema hivyo. Lakini mafuta mengi ya madukani hayajachujwa yakabaki CBD peke yake. Yanakuwa na chembe za THC pia, na mbwa huathiriwa na THC kwa urahisi. Mbwa aliyekula THC nyingi hupepesuka kama mlevi, hujikojolea bila kujua, hutapika, hushtukashtuka, na akizidiwa anaweza kupoteza fahamu. Mwenye mnyama ambaye anajua chupa yake imetokana na jamii ya bangi atamwambia daktari mara moja. Aliyeambiwa ni katani atamwambia daktari nini?

Dai la pili na la tatu nitayajibu pamoja: huponya, na wanasayansi wamethibitisha.

Ni kweli utafiti upo, na baadhi yake unatia moyo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya mbwa 16 wenye ugonjwa wa viungo. Walipewa miligramu 2 za CBD kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, na kwa kipindi kingine wakapewa mafuta matupu, bila wenyewe wala madaktari kujua ni yapi. Wakati wa CBD maumivu yalionekana kupungua na mbwa wakachangamka zaidi. Hiyo ni habari njema. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walijaribu jambo hilohilo kwa kundi jingine dogo la mbwa wenye maumivu ya viungo, nao hawakuona tofauti ya maana kati ya CBD na mafuta matupu. Mtu akiwa na tafiti mbili ndogo, moja inasema ndiyo na moja inasema hatukuona kitu, hana haki ya kuandika “wanasayansi wamethibitisha”. Anachoweza kuandika ni “wanasayansi bado wanachunguza”. Bila shaka sentensi hiyo haiuzi chupa.

Kuhusu kifafa, Colorado hiyohiyo ilichapisha utafiti mwaka 2019. Mbwa waliokuwa tayari wanatumia dawa za kifafa bila kupona waliongezewa CBD kwa wiki 12. Kwa kipimo cha kati, idadi ya degedege ilipungua kwa theluthi moja hivi. Lakini ukihesabu mbwa waliopata nafuu kubwa, yaani degedege zilizopungua kwa nusu au zaidi, idadi yao ilikaribiana kwenye makundi yote mawili, la CBD na la mafuta matupu. Na angalieni neno moja: waliongezewa. Hakuna aliyeachishwa dawa yake. Tangazo letu halisemi hivyo. Linasema “huondoa kifafa”, na msomaji aliyechoka kununua dawa za kila siku anaweza kusimamisha dawa ya mbwa wake ghafla ili ajaribu chupa. Dawa za kifafa kama fenobabitoni zikikatwa ghafla, degedege zinaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na mbwa akafa usiku huohuo. Hili peke yake lingenitosha kukataa tangazo.

Na paka je? Wengi wetu tuliotoka pwani, tuseme kweli, hatujazoea mbwa ndani ya nyumba. Paka ndiye wetu. Kwa paka ushahidi ni haba zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 paka wanane wenye afya walipewa mafuta ya hempu kwa wiki 12. Miili yao iliyapokea tofauti na ya mbwa, kiasi kilichoonekana kwenye damu kikawa kidogo, na wengine walijilamba kupita kiasi na kutikisa vichwa. Paka wanane wazima hawawezi kutuambia lolote kuhusu paka mzee mwenye maumivu. Kuandika “mbwa na paka” kwenye lebo moja, kana kwamba paka ni mbwa mdogo, ni dalili kwamba mwandishi hakumfikiria paka hata kidogo.

Sasa nyinyi mliosoma hesabu nisaidieni. Tuchukue chupa ya kawaida ya mililita 30 yenye jumla ya miligramu 300 za CBD. Kila mililita ina miligramu 10. Tuchukue mbwa wa kilo 30, mbwa wa kawaida tu katika nyumba za hapa. Kwa kipimo cha Cornell anahitaji miligramu 60 asubuhi na 60 jioni, yaani miligramu 120 kwa siku, ambazo ni mililita 12. Chupa nzima inaisha kwa siku mbili na nusu. Mwenye mbwa anayempa mililita moja kwa siku, ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi, anatoa sehemu moja ya kumi na mbili ya kiasi kilichojaribiwa. Kwa hiyo ama anatumia fedha nyingi kuliko alivyotarajia, ama anampa mbwa wake matone ambayo hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba yanafanya kazi. Wauzaji wanautaja utafiti wa kipimo kikubwa, halafu wanauza chupa ya kipimo kidogo.

“Lakini mbwa wa jirani yangu alipata nafuu, nimemwona kwa macho yangu.” Hili nimelisikia mara nyingi, na sina sababu ya kumwita mtu mwongo. Maumivu ya viungo yana siku nzuri na siku mbaya. Mtu hununua dawa siku ambazo hali imekuwa mbaya kabisa, na baada ya siku mbaya kabisa mara nyingi huja iliyo afadhali. Tena anayetoa hukumu ni mwenye mbwa mwenyewe, aliyelipa fedha na anayempenda. Ndiyo maana watafiti huficha ni nani kapewa nini. Wenye mbwa waliopewa mafuta matupu nao husema mbwa wao anatembea vizuri zaidi. Mnyama hana ulimi wa kutuambia, basi sisi tunamsemea, na tunasema tunachotamani.

Dai la nne: hayana madhara. Katika utafiti wa Cornell niliokwisha kuutaja, baadhi ya mbwa walionekana kupanda kwa kimeng'enya cha ini kwenye damu wakati wa CBD. Jambo hilo limejitokeza katika tafiti nyingine pia. Si kwamba mbwa hao waliugua. Ni kwamba ini lilikuwa linafanya kazi ambayo daktari angependa kuifuatilia. Pia CBD huchelewesha baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo mbwa anayetumia dawa nyingine anaweza kubaki nayo mwilini zaidi ya ilivyokusudiwa. Mwenye ini bovu, mzee, au anayemeza dawa tatu kila siku ndiye hasa anayenunuliwa chupa hizi, na ndiye ambaye zinaweza kumdhuru.

Neno “asilia” lisitutie usingizi. Muhogo mchungu ni wa asili. Nyoka ni wa asili. Na kitu kutufaa sisi hakumaanishi kitamfaa mnyama: Panadol tunayomeza kwa kichwa kuuma, kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Hivyohivyo pipi laini za CBD za watu wazima. Mle unaweza kukuta zailitoli, ile sukari mbadala ambayo ni sumu kali kwa mbwa, au chokoleti. Anayempa mbwa nusu ya pipi yake kwa huruma anaweza kumkwepesha CBD mbaya akamlisha sumu nyingine.

Kisha liko swali la kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa maabara wa bidhaa 29 za hempu za wanyama zilizokuwa zinauzwa bila cheti cha daktari. Mbili hazikuwa na kemikali yoyote ya hempu iliyoweza kupimika. Kati ya 27 zilizobaki, ni 10 tu ambazo kiasi chake kilikaribia kilichoandikwa kwenye lebo, kwa tofauti isiyozidi asilimia 10. Nne zilikutwa na metali nzito, hasa risasi. Mmea huu hufyonza metali kutoka kwenye udongo, kwa hiyo shamba baya huzaa mafuta mabaya. Mimi sijui chupa za mdhamini wetu ziko kundi gani, na hata wao katika rasimu yao hawakuleta cheti cha maabara. Wameleta picha ya mbwa anayecheka.

Kwa nini hali iko hivi? Kwa sababu hakuna mlinzi mlangoni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya CBD kwa ajili ya wanyama. Imekuwa ikiyaandikia barua za onyo makampuni yanayotangaza kwamba mafuta yao yanatibu magonjwa. Nchini Uingereza, ambako jarida letu lina wasomaji pia, mamlaka ya dawa za mifugo ilisema tangu 2018 kwamba bidhaa ya CBD kwa mnyama ni dawa na inahitaji kibali. Hii haina maana kwamba CBD haiwezi kuwa dawa. Mwaka huohuo wa 2018 FDA iliidhinisha dawa ya CBD kwa watu wenye aina fulani adimu za kifafa, baada ya mtengenezaji kufanya majaribio na kuonyesha kipimo, faida na madhara. Njia ipo. Wenye chupa hizi hawajaipita, na sasa wanataka wapite kwetu.

Hapo ndipo penye uzito kwetu sisi. Wanachama wengi wa chama hiki wako hapa kwa viza ya masomo. Kwa sheria ya shirikisho, mafuta yaliyozidi mpaka wa THC ni bangi, hata kama lebo inasema hempu, na bangi ni jambo linaloweza kumharibia mgeni viza yake hata katika jimbo ambalo wenyeji wanaivuta hadharani. Halafu Desemba tunarudi nyumbani. Wengine tunapita Dubai au Doha. Chupa iliyonunuliwa kihalali hapa, ikasahaulika kwenye mkoba au ikabebwa kama zawadi kwa shangazi mwenye paka, haitetewi na lebo ya Marekani pale forodhani. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994, na zote mbili zinautazama mmea wa bangi kama mmea wa bangi. Fikirieni kijana aliyesoma jaridani mwetu kwamba haya ni mafuta ya katani, akayabeba, akasimamishwa uwanjani. Atasema aliambiwa ni mkonge. Nani alimwambia? Sisi.

Wapo wanachama wenye hoja nzuri upande wa pili, na ni haki niziseme.

Hoja ya kwanza ni fedha. Daktari wa wanyama hapa ni ghali kwa mwanafunzi, na chupa inapatikana bila miadi. Naielewa hoja hii kabisa. Lakini chupa inayonunuliwa kila baada ya siku chache si rahisi, na chupa isiyofanya kazi ni ghali kwa bei yoyote. Mbwa mzee anayechechemea anaweza kuwa na mfupa uliovunjika, kupe mwenye ugonjwa, au saratani. Matone hayatakuonyesha hilo. Vyuo vyenye shule za udaktari wa wanyama na vituo vya hisani vya wanyama mara nyingi huwa na kliniki za bei nafuu. Kuulizia ni bure. Na tiba mojawapo yenye nguvu kwa maumivu ya viungo haina bei: kumpunguza uzito mbwa aliyenenepa na kumtembeza kidogokidogo kila siku.

Hoja ya pili ni kwamba dawa zilizoidhinishwa nazo zina madhara. Kweli tupu. Carprofen, ambayo madaktari huitoa sana kwa mbwa wenye maumivu, inaweza kuumiza tumbo, figo na ini. Lakini madhara hayo yameandikwa, kipimo kinajulikana, na kiasi kilichoandikwa kwenye kidonge ndicho kilichomo. Hata paka wameanza kukumbukwa: Januari 2022 FDA iliidhinisha sindano ya kila mwezi kwa maumivu ya viungo vyao. Sikuambii dawa hizi ni salama kabisa. Nakuambia kwamba ukizitumia unajua unachokifanya.

Hoja ya tatu ni kwamba tangazo ni tangazo tu, msomaji ni mtu mzima, aamue mwenyewe. Ningekubali kama tangazo lingekuwa kwa Kiingereza kwenye gazeti la chuo. Huko msomaji anaweza kutafuta jina la mmea akapata maelezo tele. Kwa Kiswahili habari kuhusu jambo hili karibu hakuna. Mama aliyekuja hapa kama mkimbizi kutoka Bujumbura au Goma, anayesoma jarida letu kwa sababu ndilo linaloongea lugha yake, akisoma ukurasa wetu atakuwa amesoma yote yaliyopo. Wafanyabiashara wamelijua hilo, ndiyo maana wamekuja kwetu. Wanachonunua kwa sinia la pilau ni imani ya msomaji huyo.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne kwa kamati.

Kwanza, tukatae tangazo, kwa barua ya adabu inayotaja sababu. Wakirudi na tangazo lisilodai kutibu ugonjwa wowote, linalosema wazi kwamba bidhaa imetokana na mmea wa jamii ya bangi, na lenye cheti cha maabara huru kwa kila bechi, tutalijadili upya.

Pili, tukubaliane jina. Tuandike hempu, na mara ya kwanza katika kila makala tueleze: mmea wa jamii ya bangi wenye THC kidogo. Katani tuwaachie watu wa Tanga. Anayeona hempu ni neno baya alete jingine, tutalipima. Lakini lisiwe neno linaloficha.

Tatu, tuchapishe ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wale watakaoamua kutumia hata hivyo, maana wapo na hawataacha kwa sababu mimi nimesema. Waambiwe hivi: mwone daktari wa wanyama kwanza na umtajie dawa zote anazotumia mnyama. Usimsimamishie dawa yoyote. Dai cheti cha maabara chenye namba ya bechi inayofanana na ya chupa yako, kinachoonyesha CBD, THC, metali na viuatilifu. Soma viambato vyote. Piga hesabu ya miligramu kwa kilo, usihesabu matone. Mwombe daktari apime ini kabla na baada ya wiki kadhaa. Andika kwenye daftari siku za nafuu na siku mbaya tangu kabla ya kuanza. Mnyama akipepesuka au kujikojolea, mpeleke kwa daktari na umwambie ukweli. Yuko pale kumtibu mnyama, hana haja ya kukushtaki. Na chupa ibaki hapa unaposafiri.

Katika ukurasa huo liwepo neno kwa wale tunaoombwa na maprofesa na majirani tuwaangalizie wanyama wakati wa likizo. Ukiachiwa chupa mezani na ukaambiwa “mpe kidogo akihangaika”, omba maandishi: kiasi gani, saa ngapi, na simu ya daktari. Mbwa si wako, na “kidogo” si kipimo.

Nne, Usiku wa Kiswahili tuuendeshe kwa mifuko yetu. Miaka iliyopita tulileta vyungu kutoka majumbani: huyu wali wa nazi, yule maharage, mwingine sambusa, na wageni hawakulala njaa. Mimi naahidi biriani ya watu ishirini, na nimeshaongea na wenzangu wawili wa mwaka wa tatu watakaoleta mandazi na chai. Karatasi ya kujiandikisha itakuwa mezani siku ya mkutano, karibu na sanduku la kura.